Daftari Lisilo na Mwenyewe

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Kwa hivyo walipotutoa Kitale sisi wakaguzi wa shule, wakatupeleka Mabanga huko Bungoma wiki nzima, ati tufundishwe kuhusu watoto wenye mahitaji maalum, nilinuna njia yote. Miaka kumi na mitano nakagua, nifundishwe nini tena? Ilikuwa ile miaka masomo ya msingi yalipofanywa ya bure na madarasa yakafurika.

Mkufunzi wetu alikuwa mama mmoja mcheshi ajabu. Siku ya nne alitutuma kwenye shule moja karibu na Misikhu na sharti moja tu. "Msiniletee habari za maazimio ya kazi. Hesabuni madaftari ya watoto, kisha mhesabu vichwa."

Darasa la sita nilipata madaftari hamsini na mawili, vichwa hamsini na kimoja. Daftari moja lilikuwa na herufi kubwa za kutetemeka, hesabu nne ukurasa mzima, na zote sahihi.

"Hili ni la nani?"

Watoto wakatazamana. Kisha macho yote yakageukia dirishani, kule kwenye jiko la shule.

Mwalimu mkuu akajikuna kichwa. "Mkubwa, huyo msichana mikono yake inatetemeka, na kuongea ni pole pole sana. Si ataharibu ripoti? Mkija huwa tunamweka kando kidogo."

Nilifungua mdomo nimfokee, nikaufunga. Ripoti alizoziogopa zilikuwa kama zangu kabisa. Kule Kitale, mtoto akichelewa kujibu, ni mimi niliyekuwa naandika kwamba darasa linajikokota. Niliona aibu, tena aibu kabisa.

Akaitwa. Akaja na unga wa chapati za wageni hadi viwikoni, akaenda moja kwa moja kwenye dawati lake. Nikauliza hesabu ya kuzidisha. Mkono wake ukawa wa kwanza juu.

"The... the..."

Wenzake wakangoja bila wasiwasi, mmoja akaendelea kuchonga penseli. Ni mimi tu niliyetaka kummalizia. Nikajiuma ulimi.

"...themanini na nne!"

Lo! Darasa zima likapiga makofi, nami nikapiga, hadi wakaguzi wenzangu wakaja kuchungulia mlangoni kuona kumetokea nini. Sijawahi kufurahi hivyo kazini.

Kabla ya kuondoka niliandika kwenye kitabu cha ukaguzi, kwa Kiswahili ili watoto nao waelewe, kwamba msichana huyu asitolewe tena darasani, hata aje mgeni gani. Nikampa mwalimu mkuu awasomee. Msichana akainua mkono. Alitaka kusoma yeye.

Dereva wetu alipiga honi mara mbili. Hakuna aliyeondoka. Alisoma neno baada ya neno mpaka mwisho, kisha akamtazama mwalimu mkuu.

"U... umesikia, mwalimu?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu mkuu naye akacheka mpaka akavua miwani.

"Nimesikia, mama."