Majibu ya Mtu Mwingine

Shangazi yangu aliniita nyumbani kwake Isevya, akafunga mlango wa sebuleni kabla sijaketi. Nikamwamkia. Akaitikia "marahaba" bila kunitazama, akaniwekea simu yake mapajani.

"Soma."

Ulikuwa ukurasa wa zahanati moja ya binafsi hapa Tabora, ambako mgonjwa huingia kwa neno la siri kuona majibu yake. Shangazi alikuwa amepima sukari. Lakini chini ya jina lake paliandikwa kipimo cha mimba, na mimba ipo.

"Mimi mvi zimenijaa kichwani. Simu hii anaishika nani mwingine humu ndani?"

Binti yake. Alikuwa uani anaanua nguo, hana habari. Siku chache nyuma alikwenda Igunga kununua mchele wa duka lao, akalala huko. Kwa shangazi hilo lilitosha: binti amepima mimba kwa jina la mama yake. Nami, ambaye riziki yangu ni kuandika programu za kompyuta, nikajikuta nachungulia dirishani nikimkagua tumbo.

Niliufungua upya ukurasa ule. Ikatoka sukari ya shangazi.

"Ameshafuta!" akanong'ona.

"Amefutaje, na simu ninayo mimi?"

Hapo shaka yangu ikatoka kwa binti, ikahamia zahanati. Kesho yake nilimfuata msimamizi. Nilidhani kuna mfanyakazi anayechezea majibu ya watu. Yeye alidhani shangazi amebonyeza vibaya.

"Tujaribu," nikamwambia.

Tukaandikisha wagonjwa wawili wa uongo. Nikaingia kama wa kwanza, mwenye malaria. Mara tu baada yangu, yeye akaingia kwa simu yake kama wa pili, ambaye hakuwa na ugonjwa wowote. Akapata malaria yangu. Akaifunika simu kwa kiganja, kana kwamba kuna mtu nyuma yake.

Ili kurasa zifunguke haraka, mtambo ulikuwa ukitunza kwa muda nakala ya majibu yaliyotoka kufunguliwa, kisha ukimpa anayefuata bila kuuliza ni nani. Kwa tangazo la saa za kazi, hakuna ubaya. Kwa majibu ya damu, ni kumvua mtu nguo sokoni.

Ukurasa ulifungwa siku hiyohiyo. Aliyeutengeneza alizuia majibu ya wagonjwa yasitunzwe hivyo, na akaulazimisha mtambo kumhakiki mwenye majibu kila yanapoombwa. Tulirudia jaribio kwa simu nyingi, kila mtu akaona yake tu. Msimamizi akaanza kuwapigia wagonjwa kuwaeleza.

Nilirudi Isevya mbio na habari njema. Nikachelewa. Asubuhi ile shangazi alikuwa amemburuta binti yake kwenda kupimwa hospitali nyingine. Hakuwa na mimba.

Nilipomaliza kueleza, shangazi alifunika uso kwa mtandio. "Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe," binti alisema, akipepeta mchele bila kuinua macho. "Lakini mashine uliiamini, mama. Mimi hukuniuliza hata swali moja."