Mto Alioushona Biasha

Mkeka wa ukili ni kitu cha kustaajabisha, ila kwa kuwa tunaukalia kila siku hatuutazami. Mtu anasuka ukindu kuwa utepe mmoja tu, upana wa vidole vinne, urefu wa kuzunguka nyumba. Ndio ukili huo. Kisha anaushona ukingo kwa ukingo, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka unakuwa kama pipa lisilo na kitako. Mwisho anachukua wembe, analipasua lile pipa mara moja tu, kutoka juu hadi chini, nalo linalala chini likiwa mkeka. Ukikosea hapo, hakuna kurudi.

Biasha wa Lizaboni amepasua mikeka zaidi ya mia. Alifundishwa na mama yake kule Tunduru, katika kijiji cha ukingoni mwa mto Ruvuma, akaja na ujuzi wake Songea alipoolewa. Amesuka ya misikiti, ya matanga, ya maharusi. Amesuka majina ya watu na "Karibu Mgeni". Nakshi zilikuwa za mama yake, maneno yalikuwa ya wateja. Mkeka wa kwake mwenyewe hakuwahi kusuka hata mmoja.

Lakini alikuwa na siri. Mwaka mmoja alikosea hesabu, akaingiza miyaa myeusi, zile nyuzi za ukindu zilizotiwa rangi, kabla ya wakati wake. Aliposhona, weusi wa mzunguko huu ukakutana na weusi wa mzunguko wa juu, na alipopasua ukatokea mlima. Mlima kabisa, una kilele! Aliutazama mpaka uji ukaungua jikoni. Tangu siku ile alijua kwamba ukili unaweza kubeba picha ambayo hakuna jicho litakaloiona mpaka siku ya kupasua.

Mjukuu wake Nasrin alipoposwa, Biasha akajisemea: huyu nitamsukia mkeka wenye mto wa kwetu. Kwao bibi ndiye anayempa bi harusi mkeka wa kuingia nao kwa mume, na huo haununuliwi. Ukiharibika, binti ataondoka na aibu kwapani.

Akachemsha rangi ya samawati. Vipimo vyake vilikuwa mwili wake: pima moja ya mikono miwili iliyonyooshwa, na mkono mmoja kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, ndipo samawati inaingia tena, shibiri moja, na hapo mzunguko mmoja umetimia. Mizunguko kumi na minane, yote kichwani. Hakuandika popote.

Wifi yake Ashura, aliyekulia naye kijiji kimoja, alifika akaukuta ukili umeviringishwa, una mabaka mabaka, Nasrin amekaa kando ya bibi yake.

"Wifi, ukili wako umeota upele?"

"Umekuja kusalimia au kupima wagonjwa?"

"Mimi nasema kweli. Macho yamekwisha hayo. Nasrin, mwanangu, nitakutafutia mkeka wa plastiki, usije ukaadhirika."

Biasha akaendelea kusuka.

Katikati ya kazi bega la kulia likagoma. Kusuka aliweza, mikono ikiwa mapajani, ila kunyoosha pima ilikuwa kilio. Nasrin akawa anampimia.

"Nyoosha vizuri, mke mwenzangu. Ukinipunja, mume wetu atalala miguu nje," Biasha akamtania.

Mizunguko saba Nasrin alipima hivyo. Bega likapoa, bibi akamalizia mwenyewe.

Siku ya kushona, mizunguko mitano ya kwanza samawati ilikaa juu ya samawati bila kupishana hata unywele. Wa sita ukatoka nje vidole vinne. Wa saba, vinne tena. Biasha akaacha sindano.

"Nasrin! Njoo unyooshe mikono."

Wakasimama mgongo kwa mgongo. Mikono ya binti ikaipita ya bibi yake kwa vidole vinne. Nasrin ni mrefu, amemfuata baba yake, mtu wa Namtumbo.

"Miaka yote hii napima kwa mwili wangu," Biasha akasema taratibu, "nikasahau kwamba miili hailingani."

"Tufumue, bibi?"

"Tukifumua uzi, rangi haihami. Ni kusuka upya, mwezi mzima. Na harusi ni mtondo, siku tatu tu."

Akashona, maana hakuwa na jingine la kufanya. Samawati ikakimbilia upande mizunguko saba, halafu ikanyooka tena. Mto ukawa umevuka pale alipopanga kupasua, ikabidi atafute kwa vidole njia nyingine, wembe upite pasipo kukata maji. Ndani ya pipa picha haionekani. Alikuwa kama kipofu anayepapasa uso wa mwanawe.

Ijumaa baada ya swala Ashura alikuja, mkeka wa plastiki kwapani. Biasha akasema Bismillahi, akapasua.

Mkeka ukafunguka taratibu, ukalala sakafuni. Jamani! Mto ulitoka ukingo mmoja umenyooka, ukapinda kona moja kubwa, ukanyooka tena mpaka ukingo wa pili. Maji yalikuwa kama yanatembea. Biasha mwenyewe aliutazama kana kwamba kazi ile ilifanywa na mtu mwingine. Alikuwa amepanga mto ulionyooka kwa kuogopa hesabu, na mto wa kwao haukuwahi kunyooka.

Ashura akavua viatu. Akapiga magoti, akaweka kidole penye kona.

"Hapa," akasema, sauti imebadilika. "Hapa ndipo tulipokuwa tunachota maji. Wifi, umepakumbukaje?"

"Sikupakumbuka. Mikono ya huyu ndiyo iliyopinda mto."

Nasrin akaitazama mikono yake, nje na ndani. "Mimi huu siukalii, bibi. Nautundika ukutani."

"Utaukalia! Mkeka hautundikwi kama kalenda. Mwambie tu mume wetu anawe miguu."

Ashura akainuka. Akautandaza mkeka wake wa plastiki pale mlangoni, akapanga viatu vya watu wote juu yake, kisha akarudi kukaa karibu na kona ya mto.