Simu ya Maskati kwenye Ruta Yetu

Intaneti ya nyumbani kwetu ilikuwa na tabia moja ya kunipandisha presha. Inakwenda vizuri kutwa nzima, halafu mdogo wangu wa kiume akipiga simu ya video kutoka Maskati, inakwama. Mama anabaki kutazama picha ya mwanawe mdomo wazi, jicho moja limefumba, na lawama zote kwangu. Si mimi ndiye mwenye kazi ya kompyuta? Si mimi niliyeitundika ruta ile, kifaa cha kugawa intaneti, sebuleni, ghorofa ya juu ya nyumba yetu ya Mji Mkongwe?

Na mama hakuwa na kingine cha kumliwaza. Tangu mtoto aende Uarabuni kutafuta maisha, hali vizuri, halali vizuri, anaishi kwa zile simu tu. Nikimwambia mtandao mbovu, ananitazama kama niliyemnyima maji ya kunywa.

Nikawapigia watu wa kampuni ya intaneti. Bwana mmoja akaniambia nibonye kitufe cha Start. Nikamwambia kompyuta yangu ni ya Linux, si Windows, hiyo Start haina. Akasema, "Basi tatizo ndilo hilo, dada." Ala! Nikamkatia simu.

Jumamosi moja alasiri, mama akiwa kwenye simu na mwanawe, nikasema leo mimi na ruta hii tutajuana. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Kwanza nikaandika ping, amri ya kukiuliza kifaa kingine kama kipo. Nikaiuliza ruta: ikajibu upesi, haikukosa hata mara moja. Nikauliza nje ya nyumba: majibu yakaja yanajikokota, mengine hayakuja kabisa. Basi kompyuta yangu haina kosa; ama laini ya kampuni, ama kuna mtu anakula mtandao wetu humu humu. Nikaitaka ruta inionyeshe vifaa vyote vilivyojiunga nayo.

Simu yangu. Simu ya mama. Kompyuta yangu. Na kimoja tena: TajiriMtarajiwa.

Jina lile mdogo wangu aliipa simu yake mwenyewe, wiki aliyosafiri, tukacheka mpaka machozi. Nikajipoza moyo: labda aliiuza kabla ya kuondoka, aliyeinunua ni jirani, na simu bado inalikumbuka neno letu la siri. Lakini hapo hapo nyuma yangu namsikia kwenye simu anamhadithia mama joto la Maskati. Nikaandika amri nyingine, nikaizuia ile simu kwenye ruta.

"Kaganda tena!" mama akalalamika.

Nikaifungulia.

"Mama, unanisikia?" sauti ikarudi. "Huku Maskati mtandao mbovu leo!"

Lahaula! Nikamzuia tena, akaganda. Nikamfungulia, akarudi anamtukana mtandao wa Waarabu. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilitaka kupiga kelele, nikashindwa vile vile.

Ruta yangu haifiki Maskati jamani. Haifiki hata sokoni Darajani. Kuta zetu hizi za mawe na chokaa zinaizuia isifike jikoni. Pahali pekee inapopenya ni dirishani, ikavuka kichochoro, ikaingia nyumba inayotukabili, anakokaa rafiki yake wa utotoni. Kumbe ule ukuta mweupe nyuma ya kichwa chake siku zote ulikuwa wa pale, na kila simu aliyopiga ilikuwa inakula mtandao wetu pande zote mbili.

Mama alipomaliza kuzungumza, nikamwambia yote kwa pumzi moja. "Hayuko Maskati, mama! Yuko hapo ng'ambo! Nnakwenda kumtoa sasa hivi, mwongo mkubwa yule!"

Mama hakushtuka. Hilo ndilo lililonimaliza.

"Nshajua," alisema. "Magharibi moja alinipigia, muadhini wetu akaadhini dirishani na ndani ya simu kwa pamoja, na kikohozi chake kile kile."

"Na ukanyamaza?"

"Ulitaka nifanye nini? Mtu karudi kutoka Uarabuni hana hata chupa ya manukato ya kumpa mama yake. Nimtoe apite mtaani watu wamtazame mikono? Nilimwacha mpaka atakapoweza mwenyewe. Na wewe kaa chini. Ukienda wewe utapiga makelele, mtaa mzima ujue."

Nikakaa. Hasira ninayo, na kilio ninacho, sijui kipi kitangulie. Kumtazama mama, macho yamemjaa machozi.

"Lakini nimechoka," akasema. "Nimechoka kumtazama kwenye kioo na huku nausikia mlango wao ukifungwa."

Akainuka, akajitanda kanga, akaenda dirishani, akazisukuma mbao. Chini kichochoroni watu wanapita na mikate yao ya jioni. Hakutaja Maskati wala simu. Aliita jina la utotoni la mwanawe, kwa sauti ile ile ya kutuitia chakula tulipokuwa wadogo, sauti ambayo mtaani kwetu, kwa ilivyozoeleka, hakuna mpita njia anayeigeukia.

Na yule bwana wa Maskati, kabla hajapata hata kufikiri, akaitika nyuma ya dirisha lililofungwa: "Naam, mama!"

Mama akashika kizingiti cha dirisha kwa mikono miwili.

"Njoo ule, baba," akamwambia. "Chakula kinapoa."