Chumba cha Siku Arobaini

Sifa, mke wa Hemedi mshonaji, alikuwa na ugonjwa mmoja ambao dawa yake haijapatikana Kasongo yote: hakuweza kusema uongo. Alizaliwa Nyangwe kando ya mto, akaolewa Kasongo akiwa na miaka kumi na tisa, na tangu hapo aliuza samaki wakavu sokoni. Mteja akiuliza kama samaki ni wapya, Sifa alimjibu kwamba hawa wa mbele wameingia juzi, wale wa nyuma ni wa wiki jana, na yule mkubwa anayemtamani hata yeye mwenyewe asingempikia mumewe. Wauzaji wenzake walimwambia biashara haiendeshwi hivyo. Lakini wateja walirudi kwake, maana anayewatukana samaki wake mwenyewe utamtilia shaka ya nini?

Nyumba aliyoolewa ndani yake ilijengwa na marehemu mzee Iliasi, babu yake Hemedi, kwa matofali mabichi, na mzee alijenga kama mtu anayengoja vita. Unene wa ukuta mmoja ulipita kiwiko mpaka ncha ya vidole. Ukiitazama nyumba kutoka barabarani unaona jumba. Ukiingia, unajiuliza jumba limekwenda wapi. Limeliwa na kuta zake. Ndani kulikuwa na sebule, vyumba viwili na stoo moja ya giza iliyojaa mabaki ya vyerehani na baiskeli isiyo na magurudumu. Watoto wanne walilala chumba kimoja, na mmoja akitaka kugeuka usingizini, iliwabidi wageuke wote.

Sifa alikuwa ameizoea nyumba hiyo miaka ishirini na mitano bila kulalamika sana. Kilichomwamsha ni simu kutoka Salamabila. Binti yake mkubwa, Amisa, alikuwa ameolewa huko na Amuri, muuza vipuri vya pikipiki, na sasa alikuwa na mimba ya kwanza ya miezi saba na nusu. Kwao, mwanamke huzalia mimba ya kwanza kwa mama yake, na mzazi hukaa huko siku arobaini. Basi Amuri alipiga simu, akasalimia kwa heshima zote, akauliza habari za kila mtu hadi kuku, kisha akasema kwa sauti ya kujikunyata kwamba mama yake ana wasiwasi. Mama Amuri alikuwa ameiona nyumba hiyo siku ya harusi. Alisema mjukuu wake hatazaliwa akalazwe juu ya vyerehani. Kama kuna chumba, Amisa aje. Kama hakuna, atazalia Salamabila na kukaa arobaini yake huko huko.

Sifa aliweka simu katikati ya samaki. Siku arobaini hizo wanaume huzihesabu kama kifungo, lakini mwanamke aliyezipata anajua ni nini. Ni siku pekee katika maisha yake anapokandwa kwa maji ya moto, analishwa uji wa pilipili manga, na hakuna anayemuuliza chakula kiko wapi. Yeye mwenyewe alizipata Nyangwe kwa mama yake, na mpaka leo, akichoka sana, alizikumbuka na kupata nguvu. Hakuwa tayari mwanawe azikose kwa sababu ya baiskeli isiyo na magurudumu.

Kesho yake akamwita fundi Ruphin, Mkristo mmoja mpole kutoka Wamaza aliyejenga nusu ya mtaa. Ruphin alipanda juu, akachungulia boriti, akashuka na vumbi kichwani. Alieleza kwamba ukuta kati ya chumba cha watoto na stoo haubebi kitu, boriti zimelala kwenye kuta nyingine. Ukiondolewa, kutapatikana chumba kipana cha kugawa kwa pazia katikati, watoto huku, mzazi kule. Kisha watoboe dirisha upande wa mashariki, hewa iingie.

Hemedi alisikiliza hayo yote huku cherehani yake inakimbia. Alipoisimamisha, alisema kwamba ukuta wa babu yake hautaguswa yeye akiwa hai. Sifa alimkumbusha kwamba babu aliuacha ukuta lakini hakuacha mahali pa kulala. Hemedi akajibu kwamba nyumba njema si mlango, methali ambayo haikuhusu kitu, na akarudi kwenye suruali ya mteja.

Hapo habari ingekwisha, kama Ruphin hangegonga ukuta ule kwa mpini wa nyundo wakati wa kuaga. Mafundi wana tabia hiyo, kama waganga wanaogonga kifua cha mgonjwa. Ukuta ukaitika kwa sauti ya mtungi mtupu.

"Mama Amisa," alisema Ruphin, "huu ukuta iko na kitu mu kati."

Alimaanisha kifusi. Wazee walijenga kuta mbili nyembamba na kujaza katikati vigae na takataka, wakapata unene kwa bei nafuu. Lakini jirani yao Consolée alikuwa uani, amekuja kuomba chumvi, na aliondoka bila chumvi.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hakuna nyumba ya zamani Kasongo ambayo watu hawaishuku. Babu wa kila mtu, ukiwasikiliza wajukuu, alifanya biashara kubwa na kufa bila kusema alikoficha mali. Ilipofika sala ya alasiri, ukuta wa mzee Iliasi ulikuwa na sanduku. Magharibi, sanduku lilikuwa na pembe za ndovu. Watu walipotoka kuswali isha, zilikuwa ndoo mbili za dhahabu na kitabu cha kueleza nyingine ziliko.

Asubuhi, kabla ya chai, Sifa alisikia kishindo. Aliingia chumba cha watoto akamkuta mumewe amevua shati, ameshika jembe, na ukuta wa babu yake una shimo la kuingiza mbuzi.

"Baba Amisa, mule hamuna kitu," alisema. "Ni vigae tu. Mimi nilitaka chumba."

Hemedi alitazama mlangoni, akateremsha sauti. "Vile vile. Mutu akikuuliza, uendelee kusema vile vile."

Ukweli mtupu, na ulikuwa umekwisha kuharibika mdomoni. Sokoni ikawa hivyo hivyo. Walimuuliza, akawajibu kwamba hamna kitu. Wakatazamana na kusema, mnaona? Mwanamke asiyeweza kuficha funza wa samaki leo anaficha. Kadiri alivyokana ndivyo ndoo zilivyoongezeka. Sifa alikasirika kweli. Kuaminiwa juu ya samaki wabovu na kutoaminiwa juu ya ukuta wake mwenyewe kulimuuma kama tusi.

Siku ya tatu wakafika wachimbaji watatu wa dhahabu kutoka Salamabila kwa pikipiki mbili, na mitarimbo, makarai na taa za kufunga kichwani. Mkubwa wao, Joël, alikuwa kijana mwenye adabu sana na mikono kama majembe. Alipendekeza kazi iwe yao, jasho liwe lao, na watakachopata wagawane nusu kwa nusu na mwenye nyumba. Hemedi alikubali kabla sentensi haijaisha. Sifa, kwa kuwa dhamiri yake haikumpa nafasi, alimwita Joël kando na kumwambia waziwazi kwamba wanajichosha bure.

Joël alimsikiliza huku amevua kofia. "Mama, nimechimba miaka kumi," alisema. "Mutu akituambia haiko kitu, pale njo tunafungua begi."

Sifa aliona amefanya wajibu wake. Tangu saa hiyo aliwapikia. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wazuri, wale wa mbele. Na kwa mikono hiyo hiyo aliwaonyesha pa kumwaga udongo, yaani kwenye shimo la nyuma ya jiko ambako maji ya mvua yalituama tangu enzi za mzee Iliasi. Walibomoa kwa unadhifu wa ajabu. Kila karai la vumbi waliliosha uani juu ya kipande cha zulia, wakichungulia kama lina chembe inayometameta. Walipata vigae, mfupa wa mbuzi na ndara moja ya mguu wa kushoto. Hemedi alisema babu hakuwa mtu wa kutupa ndara bila sababu, akaiweka sebuleni juu ya kabati.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Sifa hakulisema kwa mtu, maana hakuulizwa. Siku ya nne, ukuta wa kati ulipokwisha, alisimama na birika la chai akautazama ukuta wa mashariki, pale alipotaka dirisha. Alitazama tu. Macho hayana pazia. Alianza kona ya juu, akateremka, akapita chini, akapanda tena, mraba mzuri wa kutosha fremu. Joël alikuwa anamfuata kwa pembe ya jicho. Sifa alipogeuka kwenda jikoni, alisikia mtarimbo wa kwanza unaingia mahali penyewe, na kufikia adhuhuri jua lilikuwa ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza tangu ijengwe. Usiku huo aliomba msamaha kwa Mungu kwa ajili ya macho yake, ila hakuomba dirisha lizibwe.

Kilichompa taabu ni Hemedi. Mume wake alikuwa anaimba. Alisahau suruali za wateja, akakaa kwenye kifusi na kumweleza mkewe kwamba jambo la kwanza atampeleka Maka, la pili atamtoa kwenye samaki, asisimame tena juani. Miaka ishirini na mitano hakuwahi kusema kwamba anamwona akisimama juani. Sifa alitamani wakati huo kuwe na ndoo kweli, hata moja, hata ndogo. Akamwambia tena kwamba hamna kitu, kwa upole, na Hemedi akamkonyeza.

Siku ya sita wachimbaji walikunja zulia lao. Joël alitangaza kwamba mali ilikuwapo lakini imehama, kuna mtu ameingia ndani ya nyumba bila kutawadha. Hakumtaja, ila wote walimtazama jirani yao Consolée. Waliagana vizuri, wakafungiwa samaki wa njiani. Siku mbili baadaye Hemedi alirudi kwenye cherehani yake. Siku ya tatu, kwa kuwa ukuta haukuweza kurudi wenyewe, yeye mwenyewe alimwita Ruphin aje kukandika na kutia fremu. Wakapaka chokaa. Ukisimama mlangoni hukuamini kwamba ni nyumba ile. Watoto walikimbia kutoka huku mpaka kule kwa sababu tu palikuwa na huku na kule.

Sifa alipiga simu Salamabila akasema chumba kipo. Alijiandaa kubishana, lakini Mama Amuri alikubali upesi mno, akaongeza kwamba atamsindikiza Amisa yeye mwenyewe. Wachimbaji walikuwa wamefika Salamabila kabla ya simu.

Walikuja kwa pikipiki, mkwe na mkaza mwana, na mizigo ya mtu anayehama. Wiki tatu baadaye Amisa akajifungua mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Mpango uliojulikana ni kwamba Mama Amuri atakaa mpaka siku ya saba, mtoto apewe jina, kisha arudi kwake. Lakini siku ya saba ilipita na mgeni hakufunga mizigo. Alikuwa na kazi. Alizunguka nyumba akigonga kuta kwa vidole, sikio limeegemea, na siku moja alikutwa chini ya kitanda cha Hemedi akasema anatafuta kitambaa.

Sifa hakujali. Yeye alikuwa na binti yake. Kila asubuhi alimkanda mgongo kwa maji ya moto katika chumba kile kipana, dirisha wazi, na asubuhi moja Amisa alianza kulia bila sababu. Alisema tangu aolewe anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho, na hajui lini mtu alimshika mgongo mara ya mwisho. Sifa alimwagia maji tena. Alitaka kulia na yeye, lakini maji yangepoa.

Siku ya kumi, wakati wa chai, Mama Amuri aliketi mbele yake sebuleni, akarekebisha kitenge, akasema jambo lililomleta.

"Mama Amisa, mimi ninachoka. Salamabila banasema kuko mali, na banasema wewe unakana. Lakini nimeuliza mu soko, bote banasema hauna uongo, hata ya samaki. Basi mimi nitakuamini. Ukiniambia haiko kitu, kesho ninabeba muke ya Amuri na mujukuu wangu, tunarudia kwetu. Ukiniambia kuko, nitangoja."

Mtu mmoja duniani aliyekuwa tayari kumwamini, na amekuja sasa. Jibu lilikuwa mdomoni, lilikuwa limekaa hapo mwezi na zaidi, maneno matatu aliyoyasema kwa mumewe, kwa wachimbaji na kwa soko zima. Chumbani, ng'ambo ya pazia, Amisa alikuwa amelala kwa upana, mkono mmoja huku na mwingine kule, na mtoto anakoroma juu ya kifua chake.

Sifa alifunga mdomo. Akachukua birika, akammiminia Mama Amuri chai, akamtilia sukari vijiko vitatu bila kumtazama usoni. Mama Amuri aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa siri kubwa, akapokea kikombe kwa mikono miwili.

Zilikuwa zimebaki siku thelathini.