Siku Niliyompiga Bingwa wa Uwanja wa Udongo

Mimi ni muuguzi. Nafanya kazi Don Mills, mtaa wa jiji kubwa huku ughaibuni, katika nyumba ya kutunzia wazee, na kwa miaka mingi mikono yangu haikuwahi kumuumiza mtu ila kwa sindano.

Mume wangu ni fundi wa magari. Tulipohamia Pickering kutoka Nakuru, mwenzake wa gereji alimpeleka kutazama mbio katika uwanja mmoja wa udongo, mwendo wa saa moja na nusu mashariki ya jiji. Alirudi na vumbi masikioni, akili imeshatekwa. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa na gari lake la mbio: gari kuukuu la kawaida alilolitoa viti na vioo, akalifunga mabomba ya chuma ndani ili dereva asipondwe likipinduka. Kila Jumamosi ya kiangazi, mchana, magari ishirini yalizunguka pale, bampa kwa bampa. Mimi niliona ni ujinga, lakini nilikwenda.

Pale palikuwa na mzee mmoja aliyeendesha tangu ujana wake. Mjini hakuna aliyemjua. Siku za kazi alilima mahindi, kama wenzake walivyoendesha malori au kuziba mabomba. Lakini katika kibanda cha chipsi picha zake zilikuwa nne, kila moja nywele zimepungua na kikombe cha ushindi kimekua. Baba yake alikuwa bingwa kabla yake. Ndugu yake alifia kwenye kona ya tatu. Watu walinisimulia mambo hayo kama wazee wa kwetu wanavyotaja ukoo, kisha wakanionya: yule hapitwi.

Mume wangu alifundishwa kwa bampa. Karibu kila wiki mzee alimsukuma nje ya njia, naye akarudi nyumbani shingo imekaza na mbavu zina rangi ya biringanya. Nikimkanda anacheka.

"Huku kuguswa ni salamu, mama," aliniambia.

"Iko siku salamu hiyo itakuua."

Kiangazi cha tatu alipata injini nzuri. Mzunguko wa mwisho ulimkuta yuko mbele, na binti yetu wa miaka kumi na miwili amesimama juu ya benchi akimshangilia kwa Kiingereza. Wakaingia kona ya tatu. Nilikuwa nimekaa mkabala nao, nikaona wazi. Mzee hakuteleza. Alinyoosha usukani, akalenga gurudumu la nyuma. Gari la mume wangu likageuka ubavu, likanyanyuka, likaupiga ukuta wa zege kwa paa, kisha likabingirika mpaka nikashindwa kujua mbele ni wapi na nyuma ni wapi.

Nilimwambia binti asiondoke pale, nikapanda uzio. Nilipofika, mume wangu alikuwa ananing'inia kichwa chini katika mikanda, petroli inadondoka kando yake, na mfupa wa mkono umetoboa ovaroli. Wazima moto wa uwanja wakakata mikanda, akaniangukia kifuani. Nilimvua helmeti polepole huku mmoja wao akimshikilia shingo. Damu ilikuwa inamtoka puani. Nilimuuliza kama ananiona.

"Naona," alisema. "Usilie, naona."

Sikuwa nalia.

Mzee alikuwa ameshapigiwa bendera ya ushindi. Alishuka garini, akaja kwa miguu, glavu mkononi, akasimama juu yetu bila kuutazama ule mkono.

"Angenipisha," alisema. "Kila mtu hapa anajua kunipisha."

Helmeti ilikuwa kando ya goti langu. Niliishika mkanda wake kwa mikono miwili, nikainuka, nikamzungushia. Ilimpata chini ya jicho la kushoto, na mfupa ukavunjika. Sauti ile naijua. Alipopiga magoti nikampiga tena, mdomoni. Ya tatu nilizuiwa na watu. Sitadanganya: nilisikia raha. Mwili wote ulipoa, kama mtu aliyepewa maji baada ya kutembea juani.

Mzee akalala chali, akaanza kukoroma kwa damu iliyomjaa kooni. Waliokuwa karibu wakaduwaa.

"Niachieni," niliwaambia walionishika. "Anakufa."

Nikamlaza ubavu, nikamfungua mdomo, nikamtoa jino kwa kidole. Nilipoinua macho, binti yetu alikuwa amesimama hatua chache tu. Hakukaa nilipomwambia.

Hospitalini polisi walikuja. Mzee akawaambia alijigonga kwenye mlango wa gari lake, na watu wote wa uwanja wakasema hivyo hivyo. Mimi nilikuwa kando ya kitanda cha mume wangu, aliyewekewa vyuma mkononi. Niliifikiria leseni yangu ya uuguzi, nikanyamaza.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani binti aliniuliza, kwa Kiingereza, kama wasingenishika ningeendelea.

"Ndiyo," nilimjibu kwa Kiswahili. Alitazama dirishani mpaka Pickering.

Baada ya wiki tatu nilikwenda shambani kwa mzee peke yangu. Alinifungulia mlango, jicho limefunikwa bandeji, akanionyesha kiti.

"Kwa nini ulidanganya?" nilimuuliza.

"Ndugu yangu aligongwa na baba yetu, kona ile ile. Mama alikuwa kwenye mabenchi. Jioni tulirudi nyumbani sote, akampakulia baba chakula." Akajifuta mdomo wenye kovu. "Hakuna aliyempiga."

Nikasogeza kiti karibu naye.

"Nisamehe kwa jicho," nikasema.

"Na mkono wa mumeo?"

"Huo si wangu kuombea msamaha. Ni wako."

Alitikisa kichwa kukubali. Nilimsafisha kidonda kwa maji ya chumvi, nikambadilishia bandeji, nikaondoka.

Jicho la mzee halikuona tena, na hakuendesha tena. Mume wangu alirudi uwanjani kiangazi kilichofuata, vidole viwili haviwezi kukunjika. Siku moja mzee alimpigia simu, wakazungumza saa nzima kuhusu springi na matairi. Mume wangu anasema aliombwa msamaha humo ndani, kwa lugha ya watu wa mbio. Nilikuwa jikoni, na mimi sikuusikia.