Mpeleka Barua na Birika la Mawe

Mpeleka barua wa mtaa ule wa Asmara hakuwahi kusoma namba ya nyumba. Kila asubuhi Letebrhan, mwenye mkahawa wa pembeni, alimsikia akisukuma baiskeli na kuita kwa sauti yake ya kukwaruza, "Barua ya ilipokuwa sinema!" au "Ya mlango wa fundi viatu!" ingawa sinema ilishageuka ghala la mbao na fundi alishazikwa. Vidole vyake vyenye wino vilipapasa kuta akipita, kama anayesalimia wakwe zake.

Siku moja mpima wa manispaa alitia alama ya chaki kwenye birika la mawe la kutekea maji lililo mbele ya mkahawa. "Linabomolewa, mama. Halina historia."

"Mwanangu, historia ikufuate ofisini?" akasema Letebrhan.

Mpeleka barua aliegemeza baiskeli, akapiga goti, akakwangua kuvu kwa ufunguo pale pale palipotakiwa. Yakatokea majina kumi na moja yaliyochongwa, ya wanawake waliolijenga birika. Akayasoma moja moja, akitaja na mlango wa kila mmoja. Kwa jina la saba Letebrhan akashika mdomo. "Bibi yangu huyo!"

Mpima akaomba kitambaa chenye maji, akaifuta chaki yake mwenyewe.