Mwendo wa Mama

Jumamosi iliyopita, katika darasa la Kiingereza ninalowafundisha watu wazima, aliingia kujifunza mwalimu wangu wa shule ya msingi. Hakunitambua. Mimi nilimjua hata kabla hajaketi.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto darasani kwake, alituletea mtindo mpya: hakuna kukariri, ni kuigiza. Nikapewa kuwa fundi cherehani kama mama, aliyeshona katika soko la Kimironko. "Tembea kama yeye," akaniambia kwa Kiingereza chake cha kubabaisha. Mama alikuwa akichechemea. Nikachechemea. Darasa likaangua kicheko, mwalimu akapiga makofi, akataka nirudie mara tatu. Nilidhani kicheko ndicho alama zenyewe.

Nikakimbia hadi sokoni, kwenye harufu ya vitenge vipya na mafuta ya cherehani, nikamwonyesha mama. Cherehani ikanyamaza.

"Nani alikufundisha hivi, mwanangu?"

Nikamtaja mwalimu kwa furaha.

Tangu nilipokua nikaelewa kimya kile, nilimwekea kisasi. Basi Jumamosi hiyo iliyopita nikamvika futi ya kupimia shingoni, nikamsimamisha mbele ya wote.

"Leo wewe iko fundi cherehani, mzee."

"Sawa, mwalimu. Nifanye nini?"

"Tembea kama mama yangu," nikamwambia. "Mwendo wake unaujua."